Tuliuombea Msumeno, Mwenye Msumeno Tukamwacha

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tunaokaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali wanapokaa waliosoma wanaotaka kuondoka kabla ya matangazo. Leo nimekuja mbele kwa sababu kuna jambo nimelikana kwa muda mrefu, nyumbani, kazini, na hata humu ndani.

Sikununua ule msumeno wa injini ili tufanye biashara ya mbao.

Nimewaeleza wengi wenu kwamba ilikuwa biashara. Niliwaeleza vizuri sana, maana chuo kikuu nilifundishwa kueleza kwa ufasaha hata mambo nisiyoyaelewa. Nilisema soko limekuwa huria, viwanda vya minofu ya samaki vinaongezeka, minofu inataka sangara, sangara wanataka mitumbwi, mitumbwi inataka mbao, kwa hiyo mwenye msumeno ndiye atakayekula. Niliyaandika hata gazetini, na mhariri akanipongeza. Ukweli ni kwamba nilinunua msumeno ili mume wangu ainuke kitini.

Baba Neema mnamfahamu. Kabla ya mageuzi alikuwa afisa mipango katika shirika moja la umma hapa Mwanza. Kazi yake ilikuwa kupanga mambo ya miaka mitano ijayo, na aliipenda. Kisha ikaja ruksa ya kila kitu, shirika likafungwa, watu wakapunguzwa, na mtu aliyejua miaka mitano ya mbele akawa hajui afanye nini Jumanne. Akatoa kiti akakiweka barazani. Nyumba yetu ya Pasiansi inaliona ziwa vizuri, wageni hutusifia, lakini yeye alikigeuza kiti kikatazama ukuta wa choo cha jirani. Akakaa.

Hakuwa mgonjwa wa kulala. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anajibu. Ila hakutaka kitu. Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kuishi na mtu asiyetaka kitu. Ulevi ungekuwa afadhali, mlevi hutaka pombe. Nilijaribu siasa, nilijaribu mpira, nilijaribu hata kumsema vibaya mama yake. Alinitazama kwa upole akarudi kwenye ukuta wake.

Ndipo nikauona msumeno katika duka moja la Mabatini. Ilikuwapo miwili. Mmoja wa chapa inayojulikana, wanaoutumia watu wa misituni, bei yake ya kukufanya ushike ukuta. Mwingine mwekundu, unang'aa kama peremende, bei chini ya nusu. Nikamuuliza mwenye duka huo mwekundu umetoka wapi.

"Huo ni wa Ulaya, mama," akasema. "Ila umepitia Dubai kusalimia."

Nikaununua. Nilijua ananidanganya, na yeye alijua kwamba najua, tukaagana vizuri.

Nilipoufikisha nyumbani niliuweka miguuni pake. Aliuinua, akaunusa, akaugeuza huku na huku. Kisha akauliza, "Petroli iko wapi?" Niliingia jikoni nikafunga mlango, nikalia nimeegemea debe la unga. Alikuwa ametaka kitu.

Petroli aliinunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, mahali sote tunaponunua, ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa na oili kwa ajili ya injini za mitumbwi. Nani hapa angefanya vingine? Injini ndogo, inataka mchanganyiko, mchanganyiko uko pale kwenye madumu. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba injini ya mtumbwi inapozwa na ziwa zima, na msumeno unapozwa na upepo tu, na oili inayomfaa mmoja humuunguza mwingine taratibu. Lakini hata kama tungelijua hilo, kulikuwa na mnyororo uliolegea kila baada ya gogo moja, na kamba ya kuwashia iliyomkatikia mkononi, na plagi zilizokufa kama nzi. Vipuri vyake hakuna duka lililokuwa navyo, kuanzia Mabatini hadi Nyegezi. Tulikuwa na mashine isiyo na ndugu hata mmoja mjini.

Siku ulipowaka, Baba Neema alirudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nyusi, akaniambia habari za mti kama mtu anayesimulia mechi. Siku ulipozima, alirudi akapita moja kwa moja hadi kitini. Na ulizima mara nyingi kuliko ulivyowaka. Nikawa naamka nasikiliza. Jirani yangu alidhani napenda sauti ya ile mashine. Nilikuwa nasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Sasa ndugu zangu, tufike kwenye aibu yangu. Hapa kanisani tuna desturi ya kuleta kitu kipya kiombewe: baiskeli, cherehani, nyavu. Mimi niliwahi kuicheka desturi hiyo kwa maandishi, na nyie kwa upendo wenu hamkusoma. Jumapili ile nilikuja na msumeno nimeufunga kwa kitenge kama mtoto wa arobaini. Mama Kulwa, kiongozi wa wamama wa maombi, aliuwekea mikono akamkemea roho wa kuzimika. Mchungaji akasema uwashwe tuone. Baba Neema akavuta kamba mara moja. Mnakumbuka kilichotokea. Uliwaka, moshi ukajaa, kwaya ikatoka nje kupitia dirishani, na sifa zikaenda hadi barabarani.

Jumatatu ukazima.

Nikaurudisha Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara mliomba kwa nguvu. Na Jumapili moja, wakati tunaufunga kwenye kitenge, Mama Kulwa alinisogelea akaninong'oneza, "Mama Neema, na mwenye mashine je? Tumuombee naye? Namwona kama hayupo."

"Yeye hana shida, mama," nikamjibu. "Mashine ndiyo mbovu."

Nilisema hivyo, mbele ya madhabahu. Maana kumuombea mume wangu kungekuwa kukubali kwamba kuna cha kuombea. Msumeno ulikuwa rahisi. Msumeno una plagi, una mnyororo, una mahali pa kuelekeza kidole. Nikaliacha kanisa zima linaombea chuma, na mtu mwenyewe amekaa pembeni ameshika kofia.

Kisha ikaja siku ya Nyegezi. Familia moja ilikuwa na mkaratusi mkubwa ulioinamia nyumba, wakamwita Baba Neema aukate kabla ya mvua. Mimi nilikwenda naye, nikisema nataka kuona miti. Aliukata ule mti hadi katikati, na katikati msumeno ukazima, umebanwa ndani ya shina. Mti ukaanza kulia. Wenye nyumba wakatoa watoto, wakatoa magodoro, wakatoa redio. Watu wakajaa.

"Mzee Mipango," kijana mmoja akapaza sauti, "kwenye mpango wako mti unaanguka mwaka gani?"

"Muache, anasubiri wafadhili," mwingine akajibu, na watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka maana ilikuwa nzuri. Kisha nikamwangalia usoni. Alikuwa amesimama chini ya ule mti, upande unaoinamia, mikono imelegea, na hakuwa anaogopa. Hakuwa anaogopa hata kidogo, ndugu zangu. Kila mtu pale alikuwa anarudi nyuma isipokuwa yeye. Nilimfuata nikamvuta kwa shati. Wanaume wakafunga kamba, wakaumalizia mti kwa shoka, ukaangukia migomba. Hakuna aliyeumia. Watu wakasema tuna bahati.

Siku hiyo kiti kiliondoka barazani kikaingia chumbani. Na asubuhi moja, nilipotoka kwenda shuleni kufundisha, kiti kilikuwa na mtu, na niliporudi kilikuwa kitupu. Msumeno haukuwapo. Gunia la kuuhifadhia halikuwapo. Nilikwenda mwaloni, wakaniambia walimwona akipanda mtumbwi wa mizigo unaokwenda Ukerewe, kwao. Nikatuma ujumbe kwa kaka yake. Jibu likaja na mtumbwi uleule: shemeji, hatujamwona.

Sitawaeleza siku zilizofuata. Nitasema tu kwamba nilikirudisha kile kiti barazani nikakaa, nikauangalia ule ukuta wa choo, nikaona kwamba si ukuta mbaya. Unatulia. Haukuulizi kitu. Niliogopa nilivyoupenda. Na ziwa lilikuwa nyuma yangu muda wote, nami sikutaka kugeuka kulitazama, kwa sababu mnazozijua.

Jumapili nikaja. Mchungaji alipouliza nani ana hitaji, nilisimama. Mama Kulwa akatazama mikononi mwangu kutafuta kitenge.

"Leo sina mashine," nikasema. "Niombeeni mume wangu. Hakuwa mzima. Hajawa mzima tangu walipomfungia ofisi, nami nilijua, nikawaletea msumeno."

Nilitarajia kelele za maombi. Hamkupiga kelele. Mama Kulwa alikuja akakaa kwenye benchi la nyuma pamoja nami, akanishika goti, akakaa hivyo hadi matangazo, na mimi nikabaki hadi matangazo. Sikupata ufunuo, sikusikia sauti. Nilirudi nyumbani na hofu ileile niliyokuja nayo. Ila haikuwa siri tena, na nilipolala nililala.

Huwa mnaniuliza, wale mnaotaka kujaribu biashara ya mbao, kama hii misumeno ya bei rahisi inafaa. Nitawajibu kama mtu mzima. Ukiwa na tawi la mwembe linalogusa bati lako, nunua, litakatika, na msumeno ukifa utamwekea mtoto achezee. Lakini usimning'inize mtu juu yake. Nami naogopa hata ule wa bei kubwa usingetosha, maana niliutaka ufanye kazi ambayo hakuna injini iliyotengenezwa kuifanya. Kwa hiyo, ndugu yangu uliye na mtu wako kitini, usitafute mashine. Usisubiri maneno mazuri. Mlete yeye, au lete jina lake tu. Mungu wetu hashangazwi na majina. Nilimshukuru kabla sijajua mwisho, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusubiri, na namshukuru leo.

Mwisho wenyewe ulikuja kwa simu. Nilikuwa darasani, nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwamba kuna mtu anapiga simu kutoka posta ya Nansio, kule Ukerewe. Mkuu alinipa mkono wa simu huku akiinamisha macho, kama mtu aliyeshazoea kutoa habari mbaya.

"Mama Neema," sauti ikasema.

Nilishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Niliona nikizungumza itakatika.

"Mama Neema, upo? Hapa wananihesabia dakika."

"Nipo."

"Mbona hukunifungashia chandarua?"

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa ameondoka bila kuaga. Nikamwambia nisamehe. Akaendelea. Yuko msituni na wapasuaji wa mbao, wale wa msumeno mrefu wa mikono, mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anakaa shimoni. Yeye ndiye wa shimoni. Unga wa mbao wote unamwingia machoni. Na huyo wa juu anaimba.

"Anaimba vibaya, Mama Neema. Siku nzima. Wimbo mmoja."

Nikamuuliza siku ile alikuwa anakwenda wapi. Simu ikakoroma kidogo.

"Nilikuwa nakwenda kuutupa msumeno ziwani," akasema.

"Msumeno tu?"

Dakika zake zikawa zinakwenda.

"Mtumbwi wao unavuja sana," akasema hatimaye. "Mwenye mtumbwi akanipa kopo, akaniambia mzee usikae bure, toa maji. Nikatoa maji hadi tukafika. Sikupata nafasi."

"Na msumeno uko wapi?"

"Upo juu ya kibanda, unazuia bati lisipeperuke. Tangu tuununue, hiyo ndiyo kazi ya kwanza uliyoifanya bila kuzima." Kisha akasema atarudi Jumamosi wakimaliza gogo, na kwamba nimwambie kaka yake asimtafute, ana aibu, atakwenda mwenyewe. Halafu akaanza habari za chakula.

Nilisimama nikisikiliza, machozi yanatiririka hadi kwenye kola. Mkuu wa shule akaona. Akainuka kitini mwake, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, kuna msiba?"

Nikaziba simu kwa kiganja.

"Hapana, mkuu," nikamwambia. "Ni Baba Neema. Anasema huko wanampikia ugali mbichi."