Mwalimu Rozalia Elisha Komba (1957–2025): Jina la Tatu kwenye Karatasi ya Kura

Mwalimu Rozalia Elisha Komba, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Peramiho, Songea, tarehe 9 Mei 1957. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Elisha Komba, seremala, na marehemu mama Zawadi Ngonyani. Tangu utotoni alikuwa mbishi, ingawa hakuwa mgomvi. Baba yake alizoea kusema, "Huyu ukimwambia achague chai au uji, atakuuliza kama maji yapo."

Alisoma Peramiho, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Mtwara, alikohitimu mwaka 1978. Januari 1979 alipangiwa kufundisha shule ya msingi ya hapa Litembwe. Mama yake aliposikia kwamba kijiji kiko karibu na mdomo wa Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, alilia kama mtu aliyefiwa.

Wiki ya kwanza tu Rozalia aliokota korosho mbichi chini ya mti, akaipasua kwa meno. Wenyeji mnajua utomvu wa korosho unavyounguza. Midomo ilimvimba, akashindwa kuingia darasani. Jirani yake, binti wa rika lake aliyeitwa Mwanaisha Hashimu, alimpaka mafuta ya nazi huku akicheka mpaka machozi. "Mwalimu mzima," alimwambia, "hujui kula korosho?" Tangu siku ile walikuwa kitu kimoja. Pasaka Mwanaisha alipikia jikoni kwa Rozalia, na Idi watoto wa Rozalia walishinda kwa Mwanaisha.

Alifundisha miaka thelathini na mitatu, mingi kati ya hiyo katika darasa la kwanza. Wengi mliosimama hapa mlijifunza kuandika majina yenu mbele yake. Alistaafu kwa hiari mwaka 2012.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na marehemu Fredi Mnali, bwana samaki, mzaliwa wa Masasi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Jesca, Danieli na Lukasi. Bwana Fredi alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Ndugu wa Songea walipotaka kumrudisha nyumbani, Rozalia alikataa. Alisema nyumbani ni mahali ambapo jirani anajua chumvi yako iko wapi.

Ni vigumu kumweleza mgeni jinsi kijiji hiki kilivyokuwa miaka ile. Vyama vilikuwa viwili, na kila kitu kikawa viwili: migahawa miwili ya chai, timu mbili za mpira. Mtu akifa, watu waliuliza kwanza alikuwa wa upande gani, ndipo waamue kwenda kuchimba kaburi au kubaki nyumbani. Wakati huo kuta za zahanati, tulizozijenga kwa mikono yetu, zilikuwa zimefika kwenye lenta na kusimama. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, ambaye familia imeamua kutomtaja jina, alikuwa na mipango mingine na jengo hilo.

Mwaka 2014 chama cha upande wa pili kilimsimamisha Mwanaisha agombee uenyekiti. Ahadi yake ilikuwa moja, kumaliza zahanati. Lakini wako wa upande wa mwenyekiti waliomjia Rozalia wakanung'unika, "Mwalimu, sisi Mwanaisha tunamtaka. Chama chake hatukitaki. Wazee watatufukuza majumbani." Walimwomba agombee yeye, ili waliomchoka mwenyekiti wapate pa kukimbilia.

Sheria ya nchi hairuhusu mtu kugombea bila chama. Rozalia alikwenda Mtwara mjini kuchukua kadi ya chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kabla ya kuijaza fomu alipita kwa Mwanaisha, akamkuta uani anapepeta mchele.

"Mama Latifa, mimi nitachukua watu wa mwenyekiti. Wewe utabaki na wako. Yeye atakonda."

"Na ukichukua wangu?"

"Wako hawawezi kukuacha."

Mwanaisha alipepeta tena, akapuliza makapi. "Haya, mama Jesca. Mungu atatuonyesha."

Mwenyekiti alipata kura 214, Mwanaisha 188, Rozalia 61. Waliomkataa mwenyekiti walikuwa wengi kuliko waliomtaka, na mwenyekiti akashinda. Zile sitini na moja, kila mtu alijua zilikotoka. Wa upande wa mwenyekiti walibaki kwao. Waliokuja kwa Mwalimu ni akina mama waliozoea kumfuata Mwanaisha, wakidhani kwa kuwa wawili hao ni kitu kimoja, kura pia ni moja.

Jengo la zahanati liliezekwa mwaka uliofuata, likatiwa kufuli, likawa ghala la korosho.

Machi 2016, mvua zikiwa zimekata barabara, Latifa, binti pekee wa Mwanaisha, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Damu ilimtoka kwa wingi. Bajaji iliyombeba kwenda mjini ilikwama kwenye tope, wanaume wakashuka kuisukuma, na walipoitoa Latifa alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Rozalia ndiye aliyemfundisha kusoma.

Alikwenda msibani na unga na kanga, kama inavyopasa. Mwanaisha alitoka mpaka mlangoni.

"Kura zako ndizo zilizomzika mwanangu," alisema, watu wote wakisikia. "Rudi kwako, Mwalimu."

Rozalia aliuweka unga chini, akarudi. Nyumbani alimwambia Jesca, "Hesabu yake ina kosa. Lakini mimi siwezi kumsahihisha." Tangu hapo hakuliita tena lile jina, mama Latifa, mbele ya mtu yeyote.

Kilichofuata wengine walikiita wazimu wa uzee. Alianza kuuliza kila mtu kwa nini karatasi ya kura imlazimishe mwananchi kumtaja mmoja na kuwanyamazia wote waliobaki. Alikwenda ofisi za wilaya. Afisa mmoja alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia, "Mama, mpiga kura mmoja, kura moja."

"Sijaomba kura mbili, mwanangu," alimjibu. "Nimeomba nisilazimishwe kumwangusha mwenzangu ili nisikike."

Alirudi mikono mitupu. Lakini kamati ya maji ya kijiji ilikuwa na utaratibu wake wenyewe, na mwaka 2018, baada ya pampu kukaa imekufa kwa sababu pande mbili ziligombea ufunguo, wazee walichoka wakamkubalia ajaribu. Katika darasa lake la zamani alipanga ndoo nyuma ya pazia, kila ndoo na jina la mgombea. Kila mtu alipewa punje za mahindi, atie punje moja kwa kila mgombea anayemkubali, awe mmoja, awe wanne.

"Msiniambie mnayempenda," aliwaeleza. "Niambieni mnayeweza kumvumilia akishika ufunguo wa pampu."

Wababe wa pande zote mbili walipata punje za watu wao tu. Ndoo iliyojaa ilikuwa ya Amiri Mussa, fundi cherehani, ambaye hakuwa chaguo la kwanza la mtu yeyote, na hakuna aliyemchukia. Kwa miaka mitatu maji yalitoka. Watani walikuwa wakimwita Amiri "Bwana Mahindi," naye alijibu kwa kuwafungulia bomba.

Mwaka 2021, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, viongozi wa vyama vyote viwili walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema mchezo wa mahindi unawachanganya wananchi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakikubaliana. Mikono ikainuka pande zote mbili za uwanja. Mwalimu alikuwa amewaombea wapatane muda mrefu, na siku walipopatana ilikuwa ni kumpinga yeye. Katika mstari wa akina mama, mkono wa Mwanaisha ulibaki mapajani. Hakumtazama Rozalia, wala hakuuinua.

Amiri aliondolewa. Ufunguo ulihamia kwa upande mmoja, na wa upande mwingine wakarudi kwenye visima vya maji ya chumvi, walipo mpaka leo.

Mwaka 2023 Mwalimu aligundulika kuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu fupi, akarudishwa nyumbani. Novemba 2024 aliomba apelekwe kupiga kura. Jesca alimshika mkono mpaka kituoni. Karatasi ilikuwa na majina mawili. Alipotoka, Jesca alimuuliza amemchagua nani. "Nimeirudisha kama walivyonipa," alisema.

Januari mwaka huu Mwanaisha alipiga hodi. Ilikuwa karibu miaka tisa. Hakueleza kilichomleta. Aliingia, akaomba maji ya moto, akamwogesha mgonjwa na kumkanda miguu. Ndivyo alivyofanya tangu hapo, kila siku. Siku moja Rozalia alimuuliza:

"Siku ile, karatasi ingeruhusu majina mawili, ungeniweka?"

"Wa kwanza ningejiweka mimi."

"Hilo nalijua."

"Wa pili ningekuweka wewe."

"Na mimi wa pili ningekuweka wewe," Rozalia alisema. Wakacheka, mgonjwa akijishika tumbo kwa maumivu. Halafu Mwanaisha akaacha kucheka.

"Latifa angekuwa na miaka thelathini na miwili."

"Thelathini na miwili," Rozalia aliitikia. "Mama Latifa."

Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, na hakuna aliyeutoa. Familia isingependa kusema uongo mbele ya kaburi. Mmoja aliendelea kuukanda mguu wa mwenzake, mpaka uji wa mgonjwa ukapoa.

Mwanzoni mwa Juni hali ilibadilika. Watoto walileta gari wampeleke hospitali ya mkoa, akakataa. "Ile njia siitaki," alisema, na hawakumlazimisha. Alifariki dunia nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Jesca alikuwa amemshika mkono wa kulia, na Mwanaisha wa kushoto.

Ameacha watoto watatu, Jesca, Danieli na Lukasi; wajukuu watano; dada zake wawili walioko Songea; na wanafunzi wasiohesabika. Ameacha pia Bi Mwanaisha Hashimu, aliyeomba jina lake liandikwe katika wasifu huu. Alipoulizwa liandikwe kama nani wa marehemu, alisema, "Andikeni wa pili."

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu Rozalia, ampumzishe kwa amani pale alipochoka. Amina.