Sista Kiguu na Njia Auaga Mfuko wa Fundi

Tarehe 30 Septemba, Sista wetu anastaafu baada ya kuutumikia Mfuko wa Kumbukumbu ya Fundi kwa miaka ishirini na miwili. Ukisema Sista tu, wapo wengi. Ukisema Kiguu na Njia, hata mlinzi wa getini atakuambia katokea upande gani, kaelekea upande gani, na kwamba ukikaza mwendo huenda ukamkuta.

Hajapata kukaa kikao hata kimoja mpaka mwisho. Husimama nyuma ya kiti chake, akahamia dirishani, akahamia mlangoni, na mwenyekiti anapofika kwenye mengineyo, Sista yuko ngazini. Chai yake tunaiokota imeshapoa: juu ya kabati la mafaili, kwenye kidirisha cha choo, safari moja ndani ya droo ya mhasibu. Mhasibu anadai bado hajasamehe.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wanaume. Huko ndiko alikomhudumia fundi wa kuchomelea, mtu wa mizaha, aliyekuwa na vidonda kwenye utumbo mpana. Mara kwa mara fundi alilazwa akiharisha damu, akapewa dawa, akapata nafuu, akaruhusiwa. Akifika nyumbani, hatoki. Aliacha kazi, aliacha kwenda misibani, aliacha hata kumtembelea kaka yake, kwa kuogopa kuumbuka mbele za watu. Mkewe alimwona anavyozidi kunyamaza. Mwisho fundi alijitoa uhai.

Sista alikwenda mazikoni. Mjane akamshika mkono, akamvuta pembeni.

"Sista, mlimpima damu, mlimpima choo, mlimpima uzito. Nani alimuuliza moyo wake ukoje?"

Sista anasema alirudi wodini akashindwa kusimama karibu na kitanda kile. Kwa hiyo mjane alipouanzisha Mfuko huu kwa kumbukumbu ya mumewe, uwasaidie wanaougua utumbo na wanaougua akili, na hasa wale ambao maradhi yote mawili yamewakuta kwa pamoja, Sista aliacha kazi ya wodini akawa mtumishi wake wa kwanza. Ofisi ilikuwa sebule ya mjane. Wagonjwa wenyewe walitubatiza "Mfuko wa wenye mifuko", wakimaanisha ule mfuko wa kukingia choo ambao wengine hubandikwa tumboni baada ya upasuaji. Ukiona watu wameanza kujitania, ujue wameanza kupona.

Kazi ya kwanza ya Sista ilikuwa kutafuta vyoo. Usicheke. Mwenye ugonjwa huu hawezi kutoka nyumbani kama hajui njiani atajisitiri wapi. Sista alizunguka mjini duka kwa duka, akiwaomba wenye maduka wawaruhusu wagonjwa wetu kutumia vyoo vyao bila maswali. Wengi walikubali. Muuza vitambaa wa karibu na stendi alimfukuza. "Mama, mimi nauza vitambaa!" Akarudi, akafukuzwa, akarudi tena, mpaka wauzaji wa pale wakawa wanamtolea kiti, ambacho bila shaka hakukikalia. Siku ya siku, yule bwana alimwita nyuma ya majora, akashusha sauti, akauliza kama ni kawaida mtu kuona damu chooni. Siku hiyohiyo Sista alimpeleka hospitali. Leo muuza vitambaa ndiye kiongozi wa kundi letu la wanaume, na stika yetu ya kuwakaribisha wagonjwa chooni, mlangoni kwake, ni kubwa kuliko bango la duka.

Lakini kwangu mimi, niliyefanya naye kazi meza kwa meza, habari kubwa ni ya msusi, naye mwenyewe amenipa ruhusa niieleze.

Alikuwa msusi mwenye wateja wa kupanga foleni. Akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na mfuko tumboni. Sasa kazi ya kusuka mnaijua: mteja anakaa chini, kichwa kinakuwa usawa wa tumbo la msusi. Kila mteja aliyevuta pumzi, msusi alijua ananuswa. Akafunga saluni. Akazima simu. Mwisho akajifungia chumbani, na mama yake akatupigia.

Tulikwenda wawili. Korido ilikuwa nyembamba, na chini ya mlango palikuwa na sahani ya chakula ambacho hakijaguswa. Sista akawa anatembea, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka mlangoni, akizungumza na mbao. Kisha sauti ikasema kutoka ndani, "Niacheni tu nipumzike."

Sista akasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ametulia tuli. Akausogelea mlango.

"Mdogo wangu, kupumzika kupi? Unafikiria kujiua?"

Mama mtu alimvuta mkono wa gauni. "Usimtamkie hayo, Sista, utamtia wazo!"

Sista alimshika yule mama begani, lakini hakubanduka. Nilisikia bomba la jikoni likidondosha maji.

"Ndiyo," sauti ikasema. Kisha: "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi nimekuuliza mimi. Fungua, tukae wote."

Komeo likalia. Sista akaingia, akakaa kitandani, akakaa kweli, na hakuinuka mpaka msusi alipokubali twende naye hospitali.

Kilichomkera siku ile ni kwamba daktari wa utumbo alikuwa upande mmoja wa mji na daktari wa akili upande mwingine, wala hakuna aliyejua mwenzake ametoa dawa gani. Aliwaganda wote wawili kama luba. Leo, kila wiki, madaktari hao wanakaa vyumba jirani kwenye kliniki yetu, na mgonjwa anavuka korido tu. Msusi amefungua saluni upya. Wagonjwa wapya anawafundisha kuvaa nguo juu ya mfuko, na anayelia sana anamwambia, "Lia, lakini usitikise kichwa, nasuka."

Sitawaficha: kustaafu kumemhangaisha Sista. Mwezi huu wote amepanga kabati la vifaa, akalipangua, akalipanga. Tulipomtania kwenye chai, akajibu bila kucheka: "Mnadhani napenda kuzunguka? Nikikaa, nawaona wale tuliochelewa kuwafikia."

Ni mjane, mwanzilishi wetu, aliyesema, "Basi na wewe ni mgonjwa wetu, mwenzangu. Njoo benchini kama wengine."

Sasa kila Jumatano Sista anaonana na mshauri nasaha. Nilimuuliza kama niliandike hilo. Akasema likimwondolea aibu mtu mmoja, niliandike kwa herufi kubwa. Mumewe, dereva mstaafu, anaripoti kwamba juzi mkewe alikaa mezani mpaka chakula kikaisha, ndipo akaenda kuosha gari lililokuwa safi. Si haba.

Sista, asante. Wapo watu ambao leo wanapika, wanagombana na waume zao, wanachelewa kazini kama watu wengine wote, kwa sababu uligonga mlango na hukuondoka. Tunakuombea siku nyingi, tumbo tulivu na moyo mwepesi. Na asubuhi ya tarehe mosi Oktoba, simu ya ofisi itakapolia, usiinuke.

Tutapokea sisi.