Mlima Bila Sharti

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Orbin uache kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme; keti hapa kitandani, miguu yangu haihitaji tena nafasi kubwa. Nola, zima simu yako. Daktari amenieleza waziwazi kwamba moyo wangu umechoka, na mimi mwenyewe nasikia sauti ikinipungua, kwa hiyo nitasema mara moja tu, na atakayenikatiza nitamtoa nje, hata kama siwezi kunyanyua kijiko.

Mwanasheria alikuja juzi akaandika nilivyomwambia. Nyumba hii ya bondeni ni yako, Nola, pamoja na vitabu vyangu vyote nilivyoandika na haki zake, na ukitaka kuvichapisha upya, vichapishe, ila picha yangu ile yenye miwani mikubwa waitoe. Kikaango cha chuma cha mama yangu apewe Verlie Stamper wa kanisani, nitawaeleza sababu. Na mlima, wote, kuanzia kijitoni mpaka kule juu walikokata kilele, ni wa Orbin. Ni wake peke yake, bila sharti lolote.

Najua, Nola. Nimeuona uso wako. Umehangaika na mradi ule tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Umeupima ule uwanda wa juu, umebisha hodi nyumba kwa nyumba, umewapata wa kutoa mtaji, ili vioo vya kuvuna umeme wa jua viwashe bonde zima na mwanamke kama Verlie asikae tena kwenye baridi ya Januari akichagua anunue dawa au apashe nyumba moto. Bila mlima ule mradi unakufa. Ndiyo maana ulikuja kuniomba nimpe Orbin mlima lakini niandike kwamba ni lazima vioo vijengwe. Ukasema, "Mama, si ndiyo kazi ya maisha yako? Sentensi moja tu!" Niliitamani sentensi hiyo, binti yangu, siwafichi. Maisha yangu yote nimekula kwa sentensi.

Sasa nisikilizeni kwa nini nimeikataa.

Babu wa babu yangu, Hiram, hakujua kusoma. Alikuja mtu mwenye kofia nzuri, akala mezani kwake, akamsifia mbwa wake, halafu akamkabidhi kalamu, na Hiram akachora alama yake; kwa bei ya bunduki na gunia la chumvi akauza kila kitu kilicho chini ya udongo, pamoja na haki ya kukitoa kwa njia yoyote mwenye karatasi atakayoona inafaa. Yeye alidhani watakuja watu wawili na sururu. Akafa akijisifu kwamba amemlaghai tajiri.

Nilikuwa mwalimu kijana, wewe Orbin bado nakubeba kiunoni, matingatinga ya kampuni ya makaa ya mawe yalipopanda. Mama yangu akaketi katikati ya njia na beseni la maharage mabichi mapajani, akiendelea kuyavunjavunja kana kwamba yuko barazani kwake. Askari wa kaunti aliyekuja kumwondoa alikuwa amefundishwa naye Shule ya Jumapili, akamwinua kwa adabu zote, machozi yanamlengalenga, akamwonyesha ile alama. "Bi Cora," akamwambia, "mimi sina la kufanya. Mzee wenu alikwisha kubali." Wakaukata mlima kichwa. Wakabakiza kilima kidogo katikati chenye makaburi yetu, maana sheria iliwakataza kuwagusa wafu. Wafu wakabaki na kilima chao, sisi tuliokuwa hai tukabaki na matope kisimani.

Hapo ndipo nilipoazima taipureta ya shule. Watu wanasema kitabu changu cha kwanza kilihusu makaa ya mawe, lakini kisomeni vizuri, kinahusu yule mzee na kalamu yake. Kila ukurasa unasema kwamba aliyekufa hana haki ya kumfunga aliye hai. Nikatembea nacho kwenye kumbi za makanisa na za wabunge, nikala kuku wa baridi kila mji, nikazomewa, nikarudi. Baadaye nikaandika juu ya jua na upepo, kwa sababu huwezi kumwambia mtu aache makaa usimwambie atapikia nini. Nikaweka vioo juu ya paa hili, majirani wakipita wananipigia kelele, "Delphia, umeanika madirisha?" Nami najibu, "Ndiyo, na yakikauka nitawauzia!"

Na wewe, Orbin, ukaingia mgodini. Ulikuwa unarudi na uso mweusi, macho mawili tu yanaonekana, unakaa hapo jikoni na kunitania: "Mama, umeme unaoandikia vitabu vyako nimeuchimba mimi." Nakujibu, "Ndiyo maana naandika haraka, mwanangu, nikutoe huko ungali na mapafu." Tukacheka, tukala maharage na mkate wa mahindi. Hatukukubaliana hata siku moja na hatukukosana hata siku moja, na mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na moyo mkubwa zaidi. Nadhani ni wewe.

Mgodi ulipofungwa, watu walisema vitabu vyangu ndivyo vilivyoufunga. Nilijua ni uchungu wa kupoteza kazi. Lakini kanisani, siku ya kuoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, wanawake walipojifunga taulo kiunoni na kupiga magoti mmoja mbele ya mwenzake, mimi nilikaa na viatu vyangu mkononi, na hakuna aliyenijia. Verlie, niliyecheza naye tangu utotoni, alinipita akamwosha wa pembeni yangu. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Iliniuma, wanangu, iliniuma kuliko kuzomewa kote. Kisha kiangazi hiki kilichopita, nikiwa nimeshikiliwa ili nisianguke, Verlie akaja na beseni, magoti yakimlia, akasema, "Usidhani nimekubaliana na vitabu vyako. Nyamaza nikuoshe." Kikaango ni chake. Mpelekeeni ninyi wawili, pamoja, na mkae mnywe kahawa yake hata kama ni chungu.

Sasa rudini mlimani. Orbin hataki vioo kwa sababu, asemavyo mwenyewe, kila aliyepanda mlima ule na karatasi alishuka na kitu chetu. Hajasema uongo. Nola ana hoja kwamba safari hii wenye karatasi ni sisi wenyewe, na hajasema uongo naye. Mimi nikiandika lile sharti, nitakuwa Hiram mwenye miwani. Nitakuwa nimesema alama yangu ni njema kwa sababu mimi ni mwema, na yeye vilevile alijiona mwema. Sijui mlima utahitaji nini vitukuu wenu wakiwa watu wazima. Nola, usilie. Hoja yako ni nzuri. Ipeleke kwa kaka yako aliye hai, umshinde au akushinde. Usimpige kwa maiti yangu.

Nipe maji... Kidogo tu. Ahsante.

Mnizike kule kilimani, kando ya baba yenu. Wimbo uimbwe kwa namna yetu ya zamani, mmoja akitanguliza mstari na wengine wakifuata, wala asisimame mtu kusoma chochote nilichoandika. Wageni walishwe washibe. Wale walionizomea muwape viti vya mbele, wazee sasa, hawasikii vizuri.

Unasema nini, Orbin? Sogea, sikio limekuwa zito... Eti unasema, "Sema tu unachotaka, Mama, nami nitafanya."

Ee Mungu wangu. Nimezunguka nchi nzima nikimtafuta mtu wa kuniambia maneno hayo.

Hapana. Sisemi. Najua ninachotaka, nawe unajua, kimejaa kabati zima la vitabu vyangu pale nyuma yako. Lakini neno la anayekufa linafunga kuliko alama ya Hiram, na wewe ni mwana mzuri mno, utalitii mpaka kaburini bila kujiuliza tena. Usinipe hiyo ndiyo, mwanangu. Ninaitaka sana. Usinipe.

Leteni mikono. Wote wawili... hivyo. Mungu awalinde mkiwa pamoja, na mkigombana awalinde zaidi. Awape mapafu mazima na maji safi. Awape mwanga... kwa njia mtakayoichagua wenyewe. Nimewapenda. Hilo mliandike popote mtakapo.

Nola... nyamaza, binti yangu. Mwache kaka yako afikiri.