Pale Mama Aliponyamaza Kwenye Mkanda

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Je, aliyezikwa anaweza kumsubiri aliye hai? Wakati wa vita vya Kagera niliulizwa swali la namna hiyo na mama mdogo Leokadia, nami, pamoja na chuo kikuu changu, sikuwa na jibu.

Mnanijua. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, hata sala ya kabla ya chakula. Nilirudi kwetu Nyantakara kutoka chuoni na kinasa sauti begani, nikamkuta mama katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Mama ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye shamba la kijiji. Kila siku alitunga neno jipya: juu ya mvua, juu ya jembe lililovunjika, juu ya katibu aliyelala kivulini. Jioni moja nilinasa sauti yake nyumbani, akiimba peke yake. Katikati ya wimbo alinyamaza, kisha akaendelea. Nikadhani amesahau.

Nikaupeleka mkanda shambani, na baada ya hapo kijiji kikaupenda kuliko kinywa. Watu walilima kimya, mashine ikiimba. Mama naye alilima kimya, akiisikiliza sauti yake kama mtu anayemsikiliza jirani kupitia ukuta. Mimi niliyekuwa nikitunga nyimbo tangu utotoni, sikutunga tena. Nihangaike kwa nini? Yote yalikuwa ndani ya sanduku.

Mama alifariki malori ya askari yakipita kwenda kaskazini. Kaka yangu alikuwa vitani. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, binti wa marehemu huongoza wimbo wa mama yake na kuongeza ubeti wake mwenyewe. Asipoongeza, mikeka haikunjwi na marehemu hajaagwa. Binti nilikuwa mimi peke yangu. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikawasha mashine.

Ilikuwa alasiri, jua linawaka. Sauti ya mama ikatoka, wanawake wakamwitikia mtu tuliyekwisha kumzika. Kisha akafika pale. Akanyamaza. Tukasikia pumzi yake, ikiingia, ikitoka. Kuku wakaacha kuparura.

Mama mdogo akaninong'oneza, "Anamsubiri nani?"

"Ni mkanda tu, mama mdogo."

"Mkanda unapumua?"

Nikaurudisha nyuma, nikauanzisha tena. Sauti ikaanza kuzama, ikawa nzito, kama ya mtu anayeita kutoka chini ya udongo. Nilijua sababu: mawe ya redio, hizi betri, yalikuwa yanaisha nguvu, na kwa vita vile madukani hayakuwepo. Nilijua, na bado nikasogea nyuma hatua moja.

"Wewe msomi," mama mdogo akasema, sasa kwa sauti, "umeolewa na hilo sanduku? Mjibu mama yako."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha.

Ndugu zangu, sala yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa fupi: Bwana, kama upo, nifungue. Mama akafika tena kwenye kile kimya, kirefu kuliko mwanzo. Nikaimba. Ulikuwa ubeti mbovu, wa malori na wa migomba aliyoiacha na magugu. Lakini ulikuwa wangu, na wa siku ile. Wanawake wakaitikia. Mashine ikafa, wimbo ukaendelea. Kabla ya giza, mikeka ikakunjwa.

Sisemi mashine ni dhambi. Mkanda ule ninao hadi leo. Nasema pumzi iliyo kifuani mwako aliipuliza Mungu, wala hakumpa mwingine aitumie kwa niaba yako. Nahoji bado mambo mengi. Hili silihoji. Kama umenyamaza, mtegemee yeye, ufungue kinywa, hata kwa ubeti mbovu.

Miaka mingi baadaye, tukimenya ndizi, mama mdogo aliniambia kwamba jioni ile ya kunasa alikuwa nyuma ya nyumba, akisikiliza. Alimuuliza mama kwa nini amekatisha wimbo. Mama akamjibu, "Sijakatisha. Hapo ni pa mwanangu."

Aliponiuliza pale matangani, jibu alikuwa nalo.