Nzilani Muli, Aliyepindua Kila Sufuria

Marehemu Nzilani Muli alizaliwa Kathiani mwaka 1949, mtoto wa kwanza wa Mwanzia Kioko na mkewe Kalekye. Aliingia shule ya msingi mwaka 1957 akasoma hadi darasa la nne, kisha akatolewa ili atulee sisi wadogo zake. Hakulalamika, lakini kila mmoja wetu alipoanza shule alimsindikiza mpaka mlangoni, akachungulia ndani kwanza.

Aliolewa na Reuben Muli mwaka 1968 wakajaliwa watoto watatu. Shemeji yetu alifariki mwaka 1989. Kabla ya hapo, mwaka 1974, dada alikuwa amepata kazi mjini Machakos katika stoo ya Abdulatif Nurudin, aliyekodisha sufuria kubwa za harusi na matanga. Mke wa Abdulatif, Pili, ndiye aliyemfundisha kupika pilau. Naye dada alimfundisha Pili kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa watu mia tatu bila kuungua chini. Mkristo akioa au Mwislamu akioa, waliokuwa mekoni ni hao wawili.

Sharti la Abdulatif lilikuwa moja, kwamba nguruwe asipikwe ndani ya vyombo vyake. Katika harusi moja Katelembo, wajomba wa bwana harusi walileta nguruwe kwa siri na kutaka sufuria kubwa kuliko zote. Dada alifunika ile sufuria akakaa juu ya mfuniko. Walipombembeleza ashuke akawaambia, "Mkinitoa hapa, mnipike mimi." Nguruwe akachomwa kwa makaa, na dada hakuinuka mpaka akaliwa akaisha.

Sasa naandika yale ambayo kamati ya mazishi iliniomba niyaruke. Sikuyaruka, kwa sababu dada hakuyaruka.

Mwaka 1993 maduka ya Waislamu mjini yalirushiwa mawe, na watu wakasema ni vijana tu. Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, kijana mmoja muuza nyanya aligombania mahali pa kuuzia na mpwa wa Abdulatif, wakapigana makofi. Kufika saa sita ilivuma sokoni kwamba yule kijana ameuawa na Waarabu. Kijana alikuwa kwao anakula. Hakuna aliyekwenda kumtazama.

Umati wa sokoni ulipofika kwenye stoo, dada alikuwa mlangoni na aproni yake. Aliwajua. Wengine alikuwa amewapikia katika harusi zao.

"Mwaitu, toka hapo," mmoja alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Hii ni mali ya Waarabu, warudi kwao."

"Kwao ni wapi? Abdulatif alizaliwa mtaa huu kabla yako. Na Pili ni msichana wa mzee Ndeti wa Tala. Mwarabu ni nani hapa?"

"Basi Mwarabu ni wewe," mwingine alisema, na wakacheka.

Walimsukuma, wakatoa sufuria, nyingine wamezivaa vichwani kama kofia. Kisha wakachoma stoo. Abdulatif alipigwa jiwe kichwani akijaribu kufungua mlango wa nyuma, akafa hospitalini wiki iliyofuata. Waliopaswa kuulinda mji walifika moto ukiwa umezimika. Mpaka leo hakuna mtu aliyeshtakiwa. Mwaka 2003 karatasi zilibandikwa usiku zikiwataka "watu wa pwani" wahame Machakos, na asubuhi watu walizisoma wakaendelea na safari zao.

Sufuria hazikuhama. Kila moja ilikuwa na alama karibu na mkono, iliyopigwa kwa msumari, herufi A ndani ya mwezi mwandamo. Kuanzia mwaka ule wa 1999 dada hakuwasha moto katika shughuli yoyote kabla ya kupindua sufuria zote na kuzikagua. Wengine walikuwa wamepaka rangi juu ya alama na kuandika jina la ukoo wao. Yeye aliikwangua kwa kijiko. Akiiona ile A, alivua aproni, hapiki.

Katika matanga fulani hapa Kathiani mwenye nyumba alimwambia, "Lakini mwaitu, ni sufuria tu."

"Kama ni sufuria tu, irudishe."

Alizirudisha kadhaa kwa Pili, nyingine akizibeba mgongoni mwenyewe. Kwa ajili hiyo wengi waliacha kumwita kupika. Mchungaji mmoja alikuja kumshauri asahau yaliyopita. Dada akamuuliza, "Yamepitaje, na bado yanapikiwa ugali?"

Aliugua kisukari tangu mwaka 2001, na mwaka jana figo zilianza kushindwa. Pili alikaa naye hospitalini siku zake za mwisho, akimpaka mafuta miguuni. Dada alifariki Jumanne tarehe 7 Machi 2006, alfajiri.

Ameacha watoto wake Mwikali, Nthenya na Aloys, wajukuu saba, mimi ndugu yake Kioko na dada zetu wawili, na Pili, pamoja na watoto wake Nurudin, Faiza na Asmaa. Kamati ilitaka Pili awekwe chini ya "marafiki". Anabaki hapa.

Tangu Jumatatu majirani wametuletea sufuria za kupikia leo, na tunawashukuru. Nilizipindua zote. Tatu zina ile A. Mmeleta sufuria za mtu mliyemuua zipikie msiba wa mwanamke aliyezililia miaka sita na zaidi. Nami si mtu wa maneno.

Nimezuia zisiwekwe motoni. Muthokoi unapikwa katika sufuria ndogo za nyumbani kwetu, kwa zamu, na utachelewa. Hizo tatu zimeoshwa, ziko kando ya geti, alama zikitazama juu. Pili amekaa kiti cha mbele pamoja na watoto. Waliozileta nawajua, na majina yao sitayasoma. Kaburi likishafunikwa, wazibebe wenyewe wampelekee Pili, hapa mbele ya watu wote.

Tutapakua chakula zikishamfikia. Hapo, dada yangu, ndipo utapumzika.