Kahawa Chungu na Kidole cha Papa Alphonse

Benchi letu liko Nyawera, kwenye ukuta ambapo Salima anauza kahawa ya termosi. Mimi hufika nikitoka misa ya asubuhi. Usman, fundi wa simu tunayemwita Docteur ingawa hajawahi kushika hata bomba la sindano, huwa amenitangulia. Lundi ile, yaani Jumatatu, Papa Alphonse alikuwa tayari kwenye kikombe cha pili, bila sukari. Ana ugonjwa wa sukari. Saa nne alikuwa na randevu yake ya kila lundi kwa nesi Nathalie, kituo cha afya cha juu kilimani, na nesi alishamuonya: namba ya sukari ikibaki juu, tunaanza sindano. Kwa sindano, Alphonse ni mwoga kabisa. Akatoa kile kimashine cha kupimia sukari alichotumiwa na binti yake wa Lubumbashi, akajichoma kidole, tukainama wote.

— Mia mbili na kumi na mbili.

Akatuangalia.

— Docteur, sukari imetoka wapi? Sikuweka hata kijiko.

Usman alisema ni moto wa kikombe umedanganya mashine. Alphonse akanawa, akachoma kidole kingine: mia mbili na tisa. Basi Usman akageuza: tunda la kahawa likiiva ni tamu, kila mtu aliyevuna Kavumu anajua, na utamu huo hujificha ndani ya mbegu. Salima hakupenda kahawa yake isingiziwe. Alisema kahawa inaamsha mwili mzima, labda hata sukari iliyolala kwenye maini inaamka. Tulimcheka. Usman akaenda mbali zaidi: damu ya muzee ilizoea utamu, sasa ikinyimwa inakasirika, inajipikia yenyewe, kama kasiksi, ile pombe ya ndizi, inavyochemka kwenye mtungi.

— Sasa nirudishe sukari?

— Jaribu kijiko kimoja, muzee. Itatulia.

Alphonse akanyoosha mkono kwenye kopo la sukari, kweli.

Hapa niungame. Ni mimi niliyemwanzishia kahawa hiyo, miezi mitatu nyuma. Nilimwambia kwamba mubirizi, yale majani machungu ya bibi zetu, yanashusha sukari, kwa hiyo kahawa nzito nayo itashusha. Anywe vikombe viwili kabla ya kupanda kwa nesi. Sikuisoma popote. Nilipenda tu kusikilizwa. Na sasa nilimwona anashika kijiko, nikanyamaza.

Aliyesema ni mama mmoja mgeni, Carmel, aliyeketi mwisho wa benchi na mzigo wake, akingoja gari la Minova.

— Papa, siku yenye haukunywa kahawa, inaonyeshaka ngapi?

Alphonse alimwangalia Usman. Usman akaniangalia mimi. Alphonse akaacha kijiko, akafungua fishi yake, ile karatasi ya vipimo ya kituo cha afya, akapitisha kidole juu ya namba za miezi mitatu. Zote za lundi. Zote baada ya vikombe viwili.

— Sijue, alisema.

— Na nesi anajua unakunywaka mbele ya kupima?

— Hajaniulizaka.

Usman akalirudisha kopo la sukari kwa Salima. Gari likapiga honi, Carmel akabeba mzigo wake, akaenda.

Nilitaka kuendelea kunyamaza. Mungu anajua nilivyotaka. Nesi Nathalie ana ulimi mkali, na mimi kanisani ndiye ninayesoma somo. Nikaweka kikombe chini.

— Tupande wote, papa. Nitamwambia ni mimi nilikudanganya.

Alphonse alisimama polepole, akanipa fishi niishike, tukaanza kupanda.