Mkate wa Watu Wawili

Kwenye basi la kwenda Užice, kiti cha mbele yangu, Mzee Radojko alikuwa amepakata mkate wa sikukuu ya jana ya mtakatifu wa ukoo wake, ungali mzima. Mama aliyeketi pembeni yake akauliza, "Jana hakuja mgeni hata mmoja?"

"Nilichoma ghala la jirani, mama. Nikafungwa, kifungo nikakimaliza."

"Umemalizana na serikali. Na kijiji je? Si ungewaalika tu!"

"Siku hiyo hatualikani. Anayekukumbuka huja mwenyewe."

"Basi wamekukumbuka sana, mzee wangu. Ghala halisahauliki."

Nikawaza: hakimu mwenyewe lazima alikuwa mpole kuliko huyu mama.

"Sasa mkate unaupeleka wapi?"

"Popote penye mkono wa pili. Haumegwi na mtu mmoja." Akamsogezea upande mmoja.

Mama akanyoosha mkono, nami nikashusha pumzi. Mkono ukaupita mkate, ukabonyeza kengele ya kushukia. Basi likasimama.